Mbwa asiyeshikika hachanjwi



Mbwa mwenye raji, ile wengine wanaita kichaa cha mbwa, akiuma mutu katika kijiji, tunajua wote amri itakayofuata. Jioni lokole inalia, asubuhi vijana wanapita na mapanga na fimbo: mbwa yoyote asiyefungwa auawe. Siku mbili tatu kunanuka pembeni ya barabara, kisha kijiji kinanyamaza na watu wanasema mambo yamekwisha.

Hayajakwisha. Naandika hapa kuipinga ile amri, na najua kati yenu kuna waliotoa amri hiyo na kuna waliobeba fimbo. Sikatai kwamba woga ule una sababu. Raji ikishaonyesha alama zake kwa mutu, karibu hakuna anayepona, na kati ya wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani, kama 4 kwa kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Lakini woga wenye sababu unaweza kutuma watu kwenye kazi isiyo na faida, na kazi ile ni mojawapo.

Fikirini ni mbwa gani wanaokufa siku ile. Wanakufa wale waliozoea watu, wanaolala mulangoni, wanaokuja wakiitwa. Yule mwenye woga, asiye na mwenyewe, anayekula kwenye takataka za soko, yeye anasikia kelele na kuingia porini. Baada ya wiki moja anarudi, na sasa kijiji kizima ni chake. Kama kulikuwa na mbwa wawili watatu waliochanjwa, nao wamekufa pamoja na wengine, na ile franga ya vaksini imekufa nao. Kisha msimu haujaisha, watu wanaona simbiliki wanamaliza mupunga, wanaenda kijiji cha jirani kutafuta watoto wa mbwa. Wale watoto hawajachanjwa hata mumoja. Kwa hiyo mumetoka kwenye kijiji chenye mbwa wachache waliochanjwa, mumefika kwenye kijiji ambacho hakuna hata mumoja. Ugonjwa ukirudi unakuta njia imesafishwa.

Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kuua mbwa hakumalizi raji. Kinachomaliza ni kuchanja mbwa 7 kwa kila 10 katika eneo, na kurudia. Mexico walifanya hivyo mwaka kwa mwaka, bure, mitaani na vijijini, na mwaka 2019 ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na shirika hilo kwamba watu hawafi tena kwa raji ya kuumwa na mbwa. Nao wana vijiji vya mbali na njia mbaya.

Sasa mutaniambia: agronomu, tulileta veterineri, tulipiga lokole, na mbwa hawakuja. Ni kweli. Nimekuwa kwenye siku kama hizo. Mbuzi wanakuja kwa kamba, kuku wanakuja kichwa chini wamefungwa miguu, bata wanakuja katika kikapu. Mbwa wanabaki nyumbani. Mutu anafika mikono mitupu na kusema: "Yangu iko mukali", au "Yangu haishikike, nikinyoosha mukono inakimbia." Veterineri anafunga sanduku lake lenye barafu, anarudi na dozi zake. Na hapa ndipo neno langu la leo linaanza. Yule mbwa haishikike kwa sababu ya namna tunavyomulea, na pia kwa sababu ya mbwa mwenyewe alivyo. Tuna mbwa wa aina ya pekee, na tunamulea kama vile ni jiwe.

Munamjua vizuri kuliko mimi. Mwili mudogo, kilo 10 au 11, urefu kama sentimita 40 kutoka chini mpaka mabegani. Masikio yamesimama. Mukia umejikunja juu ya mugongo kama pete. Paji la uso lina makunyanzi, kama muzee anayesoma barua ya kodi. Rangi nyekundu ya udongo, au nyeusi, au yenye michirizi, na nyeupe miguuni, kifuani na kwenye ncha ya mukia. Manyoya mafupi, harufu kidogo; anajilamba kama paka. Habweki. Anaweza kulia, kunguruma, na kutoa ile sauti yake kama mutu anayeimba kwa koo, lakini hau-hau ya mbwa wengine hana. Njo maana Bambuti wa Ituri wanamufunga kengele ya mti shingoni wanapowinda na nyavu, maana bila kengele hawangejua yuko wapi. (Siongelei hapa kuingia na mbwa katika hifadhi ya okapi. Hilo ni jambo lingine, lina sheria yake.)

Huko Ulaya na Marekani mbwa huyu wanamwita Basenji. Someni tena lile jina. Ni neno lilelile ambalo wakati wa ukoloni lilikuwa la mutu wa kijiji, yule ambaye hakuwa "evoluwe", na hata leo mutu wa mujini akikasirika anamutupia mulimaji: musenji wewe! Mbwa wa basenji, maana yake mbwa wa watu wa porini, mbwa yenu ninyi. Walichukua tusi wakalifanya jina, na sasa tusi lile limeandikwa kwenye hati za ukoo wa mbwa wanaolala kwenye viti vya kitambaa London na Chicago. Mimi sina shida na jina, limeshakaa. Lakini naona ajabu kwamba sisi tuliotukanwa pamoja na mbwa ndio tunaomutukana mbwa mpaka leo. Ukiuliza mutu ana mbwa gani, anajibu: "Ile ni ya hapa tu." Kisha anakusimulia kwa heshima mbwa mukubwa aliyeona kwa mufanyabiashara fulani mujini.

Wengine walimuona tofauti. Mwaka 1895 wawili walipelekwa kwenye maonyesho ya mbwa London. Walikufa muda mufupi baadaye kwa distempa, ugonjwa wa mbwa ambao hapa pia unaua watoto wa mbwa wengi, macho na pua vikitoa usaha. Mwaka 1937 wengine walionyeshwa huko, na watu walijaa kuwaangalia. Katika miaka ya 1940 Marekani nao wakawaandika kwenye vitabu vyao vya ukoo. Lakini ukoo ule ulianzia kwa mbwa wachache mno, wakazalishana ndugu kwa ndugu, na ugonjwa wa figo ukaenea ndani yao, ule unaofanya sukari ya mwili ipotee kwenye mukojo. Wakajua damu mpya iko wapi. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walikuja hapa, wakati huo Zaire, wakafika kaskazini-mashariki, wakachukua watoto wa mbwa vijijini. Mwaka 1990 mbwa hao wakaingizwa rasmi katika vitabu vyao. Walivuka bahari kutafuta kitu ambacho sisi tunakipiga fimbo kila mara amri inapotoka.

Sisemi muwauze. Ninasema mujue muna nini.

Na wale wanaomufuga huko wanarudia jambo moja kuhusu tabia yake, jambo ambalo wawindaji wazee wa hapa wanalijua bila kitabu: ana roho nyepesi. Anasikia kila kitu. Hasira ya mwenyewe anaiona kabla haijafika kwenye mukono. Ukimupiga leo, hatakuja kesho kuomba msamaha kama mbwa wengine wanavyojiburuta chini. Anakaa mbali, anakuangalia na yale makunyanzi yake, na anakumbuka. Ukimukamata kwa nguvu kutoka nyuma anaweza kuuma, na si kwa ukali, ni kwa kushtuka. Tena ni mbwa wa kuwinda kwa macho. Kitu kikikimbia mbele yake, akili yote inaenda huko na masikio yanafungwa. Unaweza kumwita mpaka sauti ikauke. Mutu asiyejua anasema ni mukaidi. Hapana. Mbwa huyu amechaguliwa miaka mingi sana ili aamue mwenyewe porini, mbali na mutu, bila kungoja amri. Usimuombe awe askari.

Mbwa wa namna hii ukimulea kwa fimbo na mawe utapata mbwa anayeishi pembeni ya nyumba yako bila kuwa wako. Atakula mabaki, atafukuza panya, usiku atalala jikoni. Lakini hatashikika. Na siku ya vaksini utakuja mikono mitupu.

Kumufanya ashikike si kazi ngumu, ila ina wakati wake, na wakati ule ukipita unapata shida mara kumi. Wakati wenyewe ni kuanzia wiki ya 3 baada ya kuzaliwa mpaka wiki ya 12 au 14. Katika siku hizo mutoto wa mbwa anaamua ni nini katika dunia hii si hatari. Mukono wa mutu ukiwa kati ya vitu alivyozoea, utabaki hivyo. Asipozoea mukono wakati ule, atauona kama nyoka maisha yake yote. Wengi wetu tunaacha watoto wa mbwa chini ya ghala na mama yao mpaka miezi 3, halafu siku moja tunawavuta nje kwa shingo kuwagawia majirani. Tumeharibu tayari.

Kila siku, dakika chache tu, mutu amushike. Watoto wa nyumbani wanaweza kufanya kazi hii na wanaifanya kwa furaha, mukubwa akiwa karibu ili wasimuvute masikio. Mushike miguu, mmoja mmoja, utafute funza kati ya vidole, maana funza wanakaa kwa mbwa na nguruwe kama wanavyokaa kwa watu. Fungua mudomo wake. Shika ngozi ya juu ya shingo na uibane kidogo, pale pale sindano itakapoingia, kisha umupe kipande cha ndakala. Mbwa aliyebanwa pale mara mia moja akapata samaki mara mia moja hatamuogopa veterineri. Mufunge kamba laini ya kitambaa shingoni, si waya, umuache atembee nayo nusu saa, kisha umufungue. Mwite kwa sauti moja kila anapokula. Wengine wanagonga sufuria, ni vizuri. Anayejua kwamba sufuria ikigongwa kuna chakula atakuja hata siku yenye kelele.

Akikosa, usimufuate na fimbo. Najua jambo la kuku, kila mutu ananiuliza. Mbwa ameua kuku, mwenyewe anamukamata, anamupiga usoni na ile maiti ya kuku mpaka manyoya yanaruka. Mbwa haunganishi kipigo kile na kuku wa saa moja iliyopita. Anachojifunza ni kwamba ukimwita unampiga. Mutoto wa mbwa aliyekulia katikati ya kuku, aliyedonolewa puani na kuku mwenye vifaranga, mara nyingi hawagusi kuku wa nyumbani. Aliyeletwa mukubwa kutoka kwingine, mufunge mpaka awazoee. Hapo hakuna ufundi mwingine. Na kama tayari anaua kuku kila wiki, usimupe jirani kwa siri.

Wengine wanasema ukimushika-shika mbwa anaharibika, hawindi tena. Muwaulize Bambuti, ambao mbwa wao wanalala karibu na moto pamoja na familia. Macho yake na miguu yake havipunguki kwa sababu ulimupapasa.

Chakula. Hapa nitasema maneno makali kidogo. Tumezoea kusema mbwa wa kwetu ni mwembamba kwa asili. Ni kweli si munene. Kiuno chake kimeingia ndani, na ubavu wa mwisho unaweza kuonekana akiwa mzima. Lakini mbwa ambaye mifupa ya mugongo inahesabika kutoka upande wa pili wa barabara, huyo si asili yake, ni njaa na minyoo. Bugali peke yake haimjengi. Kichwa cha samaki, mifupa ya supu isiyo ya kuku, utumbo uliochemshwa, yai bovu lililopikwa, mabaki ya maharage: hivi vinafaa. Utumbo mubichi wa mbuzi usimupe, maana minyoo inapita kwa mbwa na kurudi kwa watu na mifugo. Maganda ya muhogo muchungu usimuachie. Mbwa mwenye njaa anazunguka mbali, anakula kwenye takataka na mbwa asiyejulikana, anagombana, anaumwa. Ugali wa nyumbani wenye samaki kidogo unamuweka karibu, na mbwa wa karibu unaweza kumuona akibadilika.

Baridi na mvua anavichukia; manyoya yake ni mafupi. Mahali pakavu juu ya udongo, gunia la zamani, basi. Na kamba siku nzima hapana. Anatafuna kamba, anapanda uzio kama paka, na mwishowe anaumia au anakuwa mukali kweli.

Kuna jambo moja la uzazi ambalo walimaji wengi hawajalihesabu. Mbwa jike wa aina hii kwa kawaida anapata joto mara moja kwa mwaka, wakati mbwa wengi wa mujini wanapata mara mbili. Mimba ni kama siku 63. Kwa hiyo mukiua mbwa wa kijiji wote, wenu wanarudi polepole, na nafasi inajazwa na wa barabarani, wanaokuja na magari na vibanda vya soko. Mutapata mbwa mukubwa zaidi, anayebweka sana, anayekula mara mbili, na asiyejua kitu kuhusu simbiliki. Nimeona mashamba ya kakao ambapo mwenyewe alijivunia mbwa mukubwa aliyefungwa kwenye ghala, wakati makako wanafungua matunda mita 200 kutoka pale. Sijakataza mutu kufuga mbwa mukubwa. Lakini kwa mupunga, mihogo, karanga na depo ya mbegu, yule mudogo asiyebweka ananunua chakula chake kila usiku.

Kuhusu depo: kabla ya kuweka dawa ya panya, fikirini kuhusu mbwa. Panya aliyekufa kwa dawa akiliwa na mbwa anaweza kumuua mbwa naye. Kama komite imeamua kutumia dawa, iwekwe ndani ya boksi lenye tundu dogo, mbwa wafungwe siku zile, na kila asubuhi mutu mwenye mifuko ya plastiki mikononi aokote panya waliokufa na kuwazika. Kuweka dawa na mbwa katika depo moja ni kulipa mara mbili kisha kupoteza vyote.

Narudi kwenye raji, kwa sababu watu wengi wanaijua kwa alama moja tu: mbwa anayekimbia na mate, anauma kila kitu. Kuna sura nyingine, ya kimya. Mbwa anajificha mahali pa giza. Taya linaning'inia, mate yanatoka, hawezi kumeza. Mutu mwenye huruma anafikiri mufupa umekwama kooni, anaingiza mukono. Musiingize mukono. Kwa mbwa wetu ambaye ni mukimya tayari sura hii inadanganya zaidi, maana hakuna anayeshangaa kwamba hasikiki. Angalieni tabia: aliyekuwa karibu amekwenda mbali, aliyekuwa na woga amekuja bila woga, aliyependa chakula amekiacha. Anayemushika mbwa wake kila siku anaona mabadiliko hayo siku ya kwanza.

Mutu akiumwa, au akikwaruzwa na jino, au mate yakiingia kwenye kidonda: maji na sabuni, dakika 15 kamili, mukihesabu kwa saa ya simu. Sabuni ya kufulia inatosha. Pilipili, mafuta, majani, jiwe nyeusi, hapana. Halafu siku ileile kituo cha afya, hata kama kidonda ni kidogo kama chomo la mwiba, ili wamwelekeze mahali vaksini ya watu inapatikana. Ni sindano kadhaa kwa wiki kadhaa, na kila moja ni safari ya moto, kwa hiyo likelemba ya koperative ingefaa kuwa na sanduku la jambo hili.

Na mbwa aliyeuma? Hapa amri ya kuua inafanya ubaya wake mukubwa kuliko wote. Mbwa aliyekuwa na raji kwenye mate siku aliyouma atakufa ndani ya siku 10. Kama anaweza kufungwa salama na kuangaliwa siku 10, akabaki muzima, anakula na kunywa, basi siku ile aliyouma hakuwa na ugonjwa kwenye mate, na munganga anaweza kusimamisha sindano za mutoto. Hamngoji siku 10 ndipo mwende kwa munganga. Munaanza, huku mbwa anaangaliwa. Lakini mbwa aliyepigwa panga dakika ile haangaliwi tena. Mutoto anabaki na sindano zote, na familia inabaki na hofu yote, bila kujua kama mbwa yule alikuwa mugonjwa au alikanyagwa mukia tu. Kama mbwa anaonekana mugonjwa kweli na anashambulia watu, hapo ni kazi ya wenye mamlaka kumuua, sikatai. Lakini wengi wanaouma si hao. Na tena, kumufunga siku 10 inawezekana tu kwa mbwa aliyezoea kamba.

Mwaka jana koperative moja tunayofanya nayo kazi iliweka vijana wawili wapite nyumba kwa nyumba wiki mbili kabla ya siku ya veterineri. Walikuja na kamba za kitambaa na ndakala kidogo mufukoni. Hawakuleta fimbo. Waliwaonyesha wenyewe namna ya kushika shingo. Mama mumoja, mulimaji wa karanga, aliwaambia mbwa wake hajaguswa na mutu tangu kuzaliwa. Walimwambia asimuguse, agonge sufuria kila jioni, akae chini mgongo umegeuka, aweke chakula hatua mbili kutoka kwake, kesho yake hatua moja na nusu. Siku ya chanjo alikuja amembeba mbwa kwenye kitenge kama mutoto. Watu walicheka sana. Sindano iliingia mbwa akiangalia mufuko wa ndakala. Si mbwa wote walifika siku ile, wengine walikuwa wakubwa mno kubadilika kwa wiki mbili, lakini dozi hazikurudi mujini.

Kuna hesabu ya chupa ambayo komite zinapaswa kuijua. Vaksini ya raji ya mbwa inapatikana mara nyingi katika chupa ya dozi 10. Lazima ikae kwenye baridi, kati ya digri 2 na 8, kutoka mujini mpaka kwenu. Ikifunguliwa, itumike siku ile. Mulimaji mumoja mwenye mbwa mumoja akienda kununua anaambiwa bei inayomufukuza. Walimaji 10 wenye mbwa 10 wanaoshikika, mahali pamoja, asubuhi moja, wanagawana chupa moja, barafu moja na safari moja ya moto. Njo kazi ya koperative hiyo. Hatukuungana kwa mbegu na mifuko ya kakao peke yake.

Lakini kwenye fishi zetu za hesabu ya mifugo, zile munazojaza kila msimu na ambazo sisi wa mradi tunazikusanya, kuna mustari wa ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku, bata, sungura na hata nyuki. Mustari wa mbwa hakuna. Nimeuliza ofisini mara mbili. Nimejibiwa kwamba mbwa si muzalishaji. Mutu aliyejibu hivyo hajalala karibu na shamba la mupunga linalokaribia kuiva. Mpaka fishi ibadilishwe, andikeni kwa mukono pale chini, kwenye nafasi ya "Mengine": jina la mwenye mbwa, mbwa wangapi, wa kike au wa kiume, umri, amechanjwa lini, na neno moja la mwisho, anashikika au hashikiki. Wanaochanjwa ni wa miezi 3 na zaidi, kisha wanarudia kila mwaka. Wale wa "hashikiki" wapewe kijana wa kuwafuata mapema.

Kwa machifu na makapita wanaosoma gazeti hili: nawaomba, mkipata mbwa aliyeuma, toeni amri mbili badala ya ile moja. Ya kwanza, mbwa wote wafungwe nyumbani siku ileile, na aliyeuma aangaliwe siku 10 na mutu anayemujua. Ya pili, mutu atumwe kwa veterineri wa teritwari kwa moto ya koperative, na mafuta yalipwe na sanduku la koperative. Vijana wale wenye mapanga wapewe kamba.

Marekretere wa koperative, leteni majina ya mbwa kabla mavuno ya mupunga hayajaanza, maana wakati wa mavuno hakuna mutu atakayebaki nyumbani kushika kamba. Chupa zinaagizwa kwa kumi kumi. Mwenye orodha ya mbwa 8 atafute jirani mwenye 2.